Kompyuta ya Bei Nafuu ya Kuhifadhia Picha na Nyaraka za Familia

Swali: Mwalimu mstaafu anayeishi Tanga ametuandikia kwamba familia yake ina picha zipatazo 9,000 zilizotawanyika kwenye simu tatu, DVD 14 za harusi na mahafali, video za simu zenye urefu wa saa kama 10, na rekodi ya sauti ya marehemu mama yake akisimulia habari za ukoo. Anataka pia kuskani hati ya kiwanja pamoja na vyeti vya kuzaliwa na vya shule. Ametenga shilingi 1,200,000. Duka moja limemshauri anunue laptopu mpya ya shilingi 750,000. Kijana wa jirani anamwambia achukue kompyuta ya mezani iliyotumika, zile zinazoitwa “za Dubai”. Na binti yake aliyeko Muscat anataka kinunuliwe kile kisanduku cha diski kinachounganishwa na ruta. Anauliza kipi kitamfaa, na kama vitu hivyo vitakuwepo bado wajukuu watakapokuwa watu wazima.

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu. Mfuate kijana wa jirani: nunua kompyuta ndogo ya mezani ya ofisi iliyotumika, yenye prosesa (chipu inayoendesha kazi za kompyuta) ya kizazi cha 8 au cha baadaye, na usikubali ichukue zaidi ya shilingi 550,000 katika fedha yako. Zinazobaki zigawe kwa diski mbili mpya za nje, kila moja TB 1, na kwa UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta kwa dakika chache umeme ukikatika. Nasema hivyo kwa sababu, kwa kazi unayoitaka, kompyuta ni mahali pa kupokelea mafaili na kuyapanga tu; kinachoyalinda ni idadi ya nakala zake na umbali uliopo kati ya nakala moja na nyingine. Diski yoyote, iwe ya laki moja au ya milioni mbili, ina siku itakayogoma, na siku hiyo familia iliyomaliza fedha zote kwenye mashine moja nzuri hupoteza zaidi kuliko ile iliyonunua mashine ya kawaida na kubakiza fedha ya diski ya pili.

Lipo jambo moja lisilosubiri ununuzi. Rekodi ya sauti ya marehemu mama yako, ikiwa bado ipo kwenye simu moja tu, inakiliwe leo hii. Kama ilirekodiwa ndani ya WhatsApp, kwenye simu ya Android utaikuta kama faili lenye kiishio cha .opus ndani ya folda iitwayo WhatsApp Voice Notes. Linakili kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani na ujitumie kwa barua pepe; faili la sauti ni dogo na halitakula bando. Picha za harusi mara nyingi ndugu wengine nao wanazo, lakini sauti hiyo huenda iko kwako peke yako.

Sasa tupime mzigo wenyewe, maana watu wengi huuziwa diski kubwa kuliko mahitaji yao kwa kuwa hawakupiga hesabu. Picha ya simu ya kawaida huwa na MB 3 hadi 5. Tukikadiria MB 4, picha zako 9,000 ni GB 36. DVD ya kawaida haizidi GB 4.7, kwa hiyo DVD 14 hazivuki GB 66 hata kama zote zimejaa. Video ya simu ya ubora wa 1080p huchukua karibu MB 130 kwa dakika, yaani karibu GB 8 kwa saa, hivyo saa 10 ni GB 80. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa vizuri kwa rangi ni MB 1 au 2, na hata ukiskani kurasa 300 hujafika GB 1. Jumla yote haifiki GB 200. Diski ya TB 1 itakubeba miaka mingi, ila usishtuke ukiichomeka na Windows ikakuonyesha GB 931: mtengenezaji huhesabu kwa maelfu na Windows huhesabu kwa 1,024, na hakuna aliyekuibia.

Laptopu mpya ya shilingi 750,000 inahitaji kutazamwa kwa ukaribu, kwa sababu neno “mpya” ndilo linalouza. Katika kundi hilo la bei, ukisoma karatasi iliyobandikwa karibu na kibodi, mara nyingi utakuta prosesa ya Celeron kama N4020, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina inayoitwa eMMC. GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11, kwa hiyo mfumo wenyewe pamoja na masasisho yake utakula sehemu kubwa ya nafasi kabla hujaweka picha ya kwanza, na picha zako hazitaenea. Baya zaidi ni kwamba eMMC ni chipu iliyochomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Mazabodi ikiungua kwa umeme, hakuna diski ya kuchomoa na kuisoma kwenye mashine nyingine. Kilichokuwamo kinaondoka na mashine. Kompyuta ya namna hiyo inamfaa mwanafunzi wa kuandika kazi zake na kuzituma. Kuifanya sanduku la nyaraka za familia ni kuipa kazi isiyoiweza.

Laptopu ya ofisi iliyotumika ni chaguo la heshima, na sitakulaumu ukiichagua. ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 zote ni za mwaka 2018, ni imara, na hifadhi yake hufunguliwa kwa bisibisi. Zina betri, jambo lenye maana mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, ingawa betri ya mashine iliyotumika huwa imechoka na haifai kuhesabiwa mpaka ijaribiwe. Sababu yangu ya kuiweka nafasi ya pili ni mbili. Kwanza, hazina tundu la DVD, na wewe una DVD 14 zinazopaswa kusomwa. Pili, laptopu hutembea: mjukuu ataiomba kwa kazi ya chuo, mgeni ataiomba aangalie mpira, na siku moja itaanguka au itaachwa kwenye basi. Mashine ya hifadhi ni heri iwe nzito kidogo na ikae mahali pamoja.

Kisanduku anachokipendekeza binti yako, chenye nafasi ya diski mbili na kuunganishwa na ruta, ni kifaa kizuri kwa familia yenye intaneti ya kudumu na mtu wa kukisimamia. Kwako kina matatizo matatu. Mara nyingi huuzwa kitupu, na ukiongeza diski mbili bajeti yako inakwisha kabla ya kupata kompyuta ya kuyapangia mafaili. Hutegemewa kuwaka usiku na mchana. Kikila wati 20 tu, ni uniti zaidi ya 14 za LUKU kila mwezi, kiasi kisicho kidogo kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi yasiyozidi uniti 75. La tatu ndilo linalowapotosha wengi: diski mbili zinazoakisiana ndani ya kisanduku kimoja haziwi nakala mbili za kutegemea. Zinakukinga diski moja ikifa, basi. Faili likifutwa kwa bahati mbaya linafutika kwenye zote mbili papo hapo, mwizi akibeba kisanduku amebeba zote, na umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuzipiga zote kwa mkupuo mmoja.

Turudi kwenye kompyuta ya mezani. Muuzaji atakuambia “hii ni Core i5” kana kwamba amemaliza, lakini jina hilo peke yake halisemi kitu. Core i5-2400 ilitoka mwaka 2011 na Core i5-8500 ilitoka mwaka 2018, na zote ni “i5”. Tazama tarakimu zinazofuata kistari: 2400 ni kizazi cha 2, 7500 ni kizazi cha 7, 8500 ni kizazi cha 8, na 10500, yenye tarakimu tano, ni kizazi cha 10. Mpaka wa kizazi cha 8 una sababu. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel huanzia kizazi hicho, isipokuwa prosesa chache mno, pamoja na sharti la chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zimeachwa nyuma, na ndiyo maana zimejaa sokoni kwa bei inayovutia.

Majina ya kutafuta ni Dell OptiPlex 3060, 5060 au 7060, HP EliteDesk 800 G4, na Lenovo ThinkCentre M720. Angalia namba kwa makini, kwa sababu OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G3 zinafanana nazo kwa sura lakini ni za vizazi vya 6 na 7. Chagua umbo linaloitwa SFF, lenye ukubwa wa kuweza kulazwa chini ya televisheni, badala ya lile dogo kama kitabu. SFF ina nafasi ya SSD (hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka) na diski ya pili kwa ndani, na nyingi huja na tundu jembamba la DVD. Lile dogo halina DVD kabisa. Udhaifu wa SFF nao usifichwe: pawasaplai yake, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia mashine umeme, ni ya umbo la kampuni yenyewe, kwa hiyo ikiungua huwezi kuweka yoyote ile, na itabidi fundi atafute ya mfano uleule. Kwa mashine za Dell na HP zilizozagaa hivi si kazi ngumu sana Kariakoo, ila kwa Tanga huenda ukasubiri iletwe na basi. RAM ya GB 8 inatosha. SSD ya GB 256 inatosha kwa mfumo na programu, na muuzaji akikubali kukuongezea ndani diski ya kawaida ya TB 1 kwa bei ya wastani, mafaili ya kazi ya kila siku yatakaa humo. Asipokubali, omba SSD ya GB 512, maana mzigo wako wa GB 200 utaenea.

Skrini usinunue kwa sasa. Televisheni yako, kama ina tundu la HDMI, inatosha, na familia itatazama picha ikiwa imekaa pamoja sebuleni. Angalia tu nyuma ya kompyuta kabla ya kulipa, kwa sababu mashine nyingi za ofisi zina tundu la DisplayPort na baadhi hazina HDMI kabisa. Utahitaji adapta au waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI, kitu cha bei ndogo lakini kinachoweza kukukwamisha siku nzima ukishafika nyumbani.

Ukiwa dukani, usiridhike kwa kuona mashine inawaka. Mwombe muuzaji aizime, aiwashe, na mara tu inapowaka abonyeze F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, au F1 kama ni Lenovo. Ukurasa wa BIOS, yaani wa mipangilio ya msingi ya mashine, ukidai neno la siri na muuzaji hana, iache hapohapo. Kompyuta hizi zilikuwa mali ya kampuni na ofisi za nje, na nyingine huletwa zikiwa bado na kufuli la mwenyewe wa kwanza. Kwenye ukurasa huohuo soma jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM, uone kama vinalingana na ulichoambiwa, kisha angalia tarehe: ikirudi nyuma miaka kila mashine inapochomolewa kwenye umeme, betri ndogo ya CR2032 imekwisha, na hiyo si kasoro ya kuvunja biashara. Mwambie pia afungue kifuniko. Vumbi halina neno; unachotafuta ni vikopo vidogo vya kapasita vilivyovimba juu, alama ya kutu ya chumvi, na harufu ya kitu kilichoungua. Sisi wa pwani tunaijua kutu hiyo, na mashine iliyokaa muda mrefu karibu na bahari huionyesha kwanza kwenye skrubu na kwenye kingo za matundu ya USB.

Hatua ya mwisho dukani ni kuitazama hifadhi yenyewe kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo unaweza kwenda nayo kwenye flashi. Inasoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea: imewaka kwa saa ngapi, na ina sehemu ngapi zilizoharibika zikabadilishwa. Mwaka mmoja wa kuwaka bila kuzima ni saa 8,760, kwa hiyo diski inayoonyesha saa 40,000 imefanya kazi kwa karibu miaka minne na nusu mfululizo, pengine kwenye mashine ya kurekodia kamera za ulinzi. Idadi ya sehemu zilizobadilishwa, na ya zile zinazosubiri kubadilishwa, iwe sifuri. Hata hivyo saa hizo huweza kufutwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 iligundulika Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa ziliuzwa na wafanyabiashara kama mpya, kumbukumbu zake zikiwa zimesafishwa. Ndiyo maana nakubali kompyuta iliyotumika bila wasiwasi mwingi, lakini diski ya nakala siikubali isipokuwa mpya, ndani ya pakiti yake, kutoka duka linalotoa risiti na dhamana.

Kuhusu programu, mashine ya ofisi iliyotumika kwa kawaida huwa na leseni halali ya Windows Pro iliyofungamana na mazabodi yake, kwa hiyo Windows ikisakinishwa upya na mtandao ukaunganishwa hujitambua yenyewe. Fundi akikuambia atakuwekea Windows au Office “iliyokrakiwa”, mkatalie kwa upole. Zile programu ndogo za kuvunja leseni ni njia inayojulikana ya kuingizia virusi, vikiwamo vile vinavyofunga mafaili yote na kudai fedha ili yafunguliwe. LibreOffice ni ya bure na inatosha kwa barua na majedwali. Na kama umekwisha kununua mashine ya kizazi cha 6 au 7, au umezawadiwa, usiitupe. Iwekewe Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na kwa kazi ya kupanga picha na nyaraka utaizoea upesi.

Sasa diski, ambazo ndizo kiini cha jambo lote. Usinunue kabisa ile “SSD” ya TB 16 inayouzwa kwa bei ya flashi. Ukiifungua ndani mara nyingi utakuta kikadi kidogo cha kumbukumbu kilichogandishwa kwa gundi ya moto, na programu yake imechezewa ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa. Inapokea mafaili yako bila kulalamika, majina yake yanaonekana yote, ila yale yaliyozidi nafasi halisi hayafunguki. Diski au flashi yoyote unayoitilia shaka, ijaze kwa programu ya bure ya H2testw kabla hujaiamini. Huandika mpaka mwisho kisha husoma tena kila ilichoandika, na ikiwa imeghushiwa itakuambia ukubwa wake wa kweli. Flashi za kawaida zibaki kuwa za kusafirishia tu.

Kwa nakala zitakazokaa kabatini napendelea diski ya kawaida inayozunguka kuliko SSD. SSD ina kasi na haiogopi kuanguka, lakini huhifadhi data kwa chaji ya umeme ambayo hupungua taratibu ikikaa bila kuchomekwa, na joto huharakisha upungufu huo. Kiwango cha JEDEC, chama kinachoweka viwango vya chipu, kwa SSD za watumiaji wa kawaida hudai ile iliyofikia ukomo wa matumizi yake iweze kushika data kwa mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30 za joto, na Tanga tunazijua nyuzi 30. SSD mpya hukaa zaidi ya hapo, lakini ndani ya kompyuta inayowashwa mara kwa mara ndiko mahali pake hasa. Diski inayozunguka adui wake ni mshtuko: isisogezwe ikiwa inafanya kazi, na ikitumwa kwa basi iviringishiwe nguo na iwekwe ndani ya begi la mtu, isipakiwe buti.

Una njia mbili za kuzipata. Unaweza kununua diski ya nje iliyo tayari, au ukanunua diski tupu ya laptopu ya inchi 2.5 na kasha lake la USB. Mimi huegemea njia ya pili pale bei zinapokaribiana, kwa sababu baadhi ya diski za nje zilizo tayari, zikiwamo nyingi za Western Digital, zina tundu la USB lililochomelewa kwenye ubao wa diski yenyewe. Tundu hilo likilegea, na hulegea, huwezi kuihamishia diski kwenye kasha jingine. Lazima kwanza ipelekwe kwa fundi. Yenye kasha tofauti, kasha likifa unanunua jingine na kazi inaendelea. Kwa vyovyote vile, iwe kwenye mpangilio wa exFAT au NTFS, maana FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4 na video ndefu ya harusi itakataliwa.

UPS ya VA 650 inatosha, na kazi yake hapa si kukuwezesha kuendelea kufanya kazi gizani. Inakupa dakika chache za kufunga mafaili na kuzima kwa utaratibu, na inapokea yenyewe ule mrukoruko wa umeme unaporudi. Televisheni usiichomeke kwenye UPS. Betri ya ndani ni ile ya volti 12 iliyozibwa, na kwenye joto letu tegemea kuibadilisha baada ya miaka miwili au mitatu; ikikwisha, UPS hubaki kuwa waya wa kurefushia umeme tu, na watu wengi hukaa nayo hivyo bila kujua. Jaribu kila baada ya miezi michache kwa kuichomoa ukutani kompyuta ikiwa inawaka bila faili lolote lililofunguliwa.

Kazi yenyewe ianze na DVD. Zile zilizochomwa kwa kompyuta hufifia, na unyevu wa pwani huziotesha ukungu. Kila DVD ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, kisha ukiifungua utaona folda iitwayo VIDEO_TS. Ikopi nzima kama ilivyo, bila kuchambua yaliyomo. Picha za simu zivute kwa waya wa USB, si kwa kutumiana WhatsApp, kwa sababu WhatsApp hupunguza ubora wa picha. Na ndugu aliye mbali akikutumia, mwambie aitume kama faili la waraka ili ifike ilivyo. Mpangilio wa folda usiuchoshe akili: mwaka, mwezi na tukio, kama “2024-04 Idi kwa Bibi”, zitajipanga zenyewe kwa tarehe.

Hati ya kiwanja na vyeti ningekushauri usivipeleke kuskaniwa kwenye duka la stationeri kama unaweza kuliepuka. Nakala hubaki kwenye kompyuta yao, na flashi yako hurudi na virusi. Programu ya Google Drive kwenye simu ina sehemu ya kuskani ambayo hunyoosha ukurasa na kuutunza kama PDF. Fanya hivyo mchana karibu na dirisha, bila kivuli cha mkono. Ukilazimika kwenda dukani, omba nukta 300 kwa inchi, na 600 kwa picha ndogo za zamani, simama hapo mpaka faili lifutwe. Hati halisi bado ndiyo hati, kwa hiyo usiitupe kwa kuwa sasa ipo kwenye kompyuta.

Nakala ya kwanza itakuwa ndani ya kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje unayoichomeka mara moja kwa mwezi, tuseme siku pensheni inapoingia ili usisahau, kisha unaichomoa na kuifungia kabati la chumba kingine. Kuichomoa ni lazima, maana virusi vinavyofunga mafaili hufunga pia kila diski vinayoikuta imeunganishwa. Programu ya bure ya FreeFileSync itakusaidia kukopi yaliyoongezeka tu. Chagua namna ya kusasisha (Update), usichague ya kuakisi (Mirror), kwa sababu ya kuakisi hufuta upande wa pili kila ulichokifuta upande huu. Ukimaliza, fungua picha mbili tatu na video moja kutoka kwenye diski ya nje uone kama kweli zinafunguka.

Nakala ya tatu iondoke Tanga, na hapa ndipo binti yako wa Muscat anapoingia. Kupandisha GB 200 mtandaoni kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, bila kukatika hata mara moja, ni karibu saa 89, na bando lake si dogo. Akija likizo abebe diski ya pili, na akija tena airudishe isasishwe. Google hutoa GB 15 za bure, zinazogawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha. Zitumie kwa nyaraka na ile rekodi ya mama, ambavyo vitaenea bila malipo. Diski inayosafiri ifungwe kwa BitLocker, programu ya kufunga diski kwa neno la siri iliyomo kwenye Windows Pro, ili ikipotea uwanja wa ndege hati zako zisisomwe na mtu.

Kufunga huko kunadai uangalifu. BitLocker hutoa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48, na neno la siri likisahaulika bila ufunguo huo hakuna fundi atakayeifungua diski. Windows 11 mpya nazo huweza kuifunga diski ya ndani zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, kwa hiyo angalia kwenye mipangilio kama imefungwa na ufunguo wake uko wapi. Andika tarakimu hizo kwa kalamu, pamoja na neno la siri la kompyuta na la barua pepe, tia kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja, na umweleze mtoto mmoja aliyeko nchini na huyo wa Muscat mahali bahasha ilipo.